Lopburi, Mji wa Mfalme Narai na Kima

Msafiri ashukaye garimoshi katika stesheni ya Lopburi, baada ya mwendo wa kilomita zipatazo 150 kutoka Bangkok kuelekea kaskazini, hana haja ya kuuliza yaliko mambo ya kale, kwa kuwa magofu ya hekalu la Wat Phra Si Rattana Mahathat yanamkabili pale pale ng'ambo ya barabara. Na akiifuata reli kwa mwendo mfupi ataiona minara mitatu ya Phra Prang Sam Yot, na juu ya minara hiyo, na juu ya mapaa ya maduka, na juu ya nyaya za umeme, atawaona wakazi ambao sifa yao imefunika sifa ya kila mkazi mwingine wa mji huo. Wageni aghalabu huwaita nyani, lakini si nyani. Ni kima wenye mkia mrefu, wepesi wa mkono, na kwao miwani ya mgeni, chupa yake ya maji na kifurushi chake cha chakula ni ghanima ya halali.

Wenyeji wamewavumilia kwa sababu ya itikadi. Katika hekaya ya Rama, ambayo watu wa Thailand wameifanya yao na kuiita Ramakien, yumo Hanuman, amiri wa jeshi la kima. Na husimuliwa kwamba Rama alipomshinda adui yake alimtunuku Hanuman nchi hii iwe milki yake. Isitoshe, ng'ambo ya pili ya reli iko ziara ya San Phra Kan, yenye sanamu ya kale ya mungu mwenye mikono minne ambayo kichwa chake cha asili kilipotea ikatiwa kingine, na kima huhesabiwa kuwa watoto wa ziara hiyo. Mwaka 1989 mfanyabiashara mmoja mwenye hoteli alianza kuwaandalia karamu ya matunda, na karamu hiyo ikawa ada ya kila mwaka mwishoni mwa Novemba. Wageni walipokatika mwaka 2020 kwa sababu ya maradhi ya korona, kima walipigana makundi kwa makundi katikati ya njia kwa kugombea chakula. Na mwaka 2024 serikali ilipokuwa ikiwakamata, kuwafunga uzazi na kuwatia vizimbani, wapatao 200 walitoroka, na baadhi yao wakakizingira kituo cha polisi hata askari wakalazimika kujifungia milango na madirisha!

Visa hivyo huchekesha, na gazeti hupenda kuchekesha. Ila mimi naona mji huu umedhulumiwa kwavyo. Lopburi ulikwishakuwa dola zama ulipoitwa Lavo, mji wa Wamon wenye kufuata dini ya Buddha, kabla haujatwaliwa na Wakhmer wa Angkor. Na ni katika zama za Wakhmer, wakati wa enzi ya Mfalme Jayavarman wa 7 au karibu nao, ilipojengwa minara ile mitatu kwa mawe mekundu yenye vitundu, ambayo huchimbwa yakiwa laini kisha yakawa magumu kwa jua na hewa.

Lakini fahari yake kubwa ilikuja na Mfalme Narai wa Siamu, ndiyo Thailand ya leo, aliyetawala tangu 1656. Makao yake yalikuwa Ayutthaya. Hata Waholanzi walipoufunga mlango wa mto kwa merikebu zao mwaka 1664, akataka, wasemavyo wengi, mji wa pili ulio mbali zaidi na bahari, akauchagua Lopburi, akawa akikaa huko miezi mingi ya mwaka. Akajenga kasri, akavuta maji kwa mabomba ya udongo uliochomwa. Kuta na malango ya kasri hilo yana matao yenye ncha na safu za vidaka vya kuwekea taa, ambamo wanahistoria huona mkono wa Uajemi. Msomaji aliyeingia nyumba kongwe ya mawe ya Lamu na kuviona vidaka vyake hatajiona mgeni hapo, ingawa sidai kwamba fundi alikuwa mmoja. Waajemi walikuwa na jaha katika baraza la Narai, na mwaka 1685 ulifika ujumbe wa Shaha Suleiman, ambao katibu wake aliandika kitabu cha safari hiyo akakiita Safina ya Suleiman.

Mwaka huo huo walifika pia wajumbe wa Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa, pamoja na mapadri Wajesuti waliokuwa mabingwa wa elimu ya nyota. Na usiku wa tarehe 11 Desemba mfalme alitazama pamoja nao, kwa darubini, mwezi ukipatwa juu ya Lopburi. Aliyewafungulia Wafaransa mlango alikuwa Mgiriki, Constantine Phaulkon, aliyeingia Siamu akiwa baharia na mfanyabiashara akapanda hata akawa waziri mkubwa kuliko wote. Wakuu wa nchi hawakumpenda, na chuki yao kwake naiona ilikuwa na haki kidogo na husuda nyingi. Narai alipougua mwaka 1688, Phetracha, mkuu wa jeshi la ndovu, alitwaa madaraka. Phaulkon akauawa mwezi Juni, na mfalme mwenyewe akafia kasrini tarehe 11 Julai. Husimuliwa kwamba alipokuwa mahututi, hana tena askari wa kumtii, alilitoa kasri liwe wakfu kwa watawa, ili watumishi wake waaminifu wavishwe kanzu za utawa wasalimike na upanga.

Kasri likaachwa likaota magugu mpaka Mfalme Mongkut alipolitengeneza mwaka 1856, na leo ni jumba la makumbusho. Atakayejaliwa kufika na aanze na kasri hilo, kima awaache baadaye. Na miwani aitie mfukoni.