Hora ya kucheza, hora ya kuimba

Mkulima wa Romania anayekwenda kwenye ngoma husema anakwenda "a juca", kitenzi kile kile cha mtoto anayecheza mpira. Sisi wenye "kucheza" hatuna la kushangaa hapo.

Lililo gumu ni "horă". Katika mikoa ya Moldova, Muntenia na Oltenia ni ngoma ya duara: watu hushikana mikono, huzunguka polepole, fidla ikiongoza. Tena ni jina la mkusanyiko wenyewe, kama "ngoma" yetu inavyobeba chombo, mchezo na hafla. Zamani msichana alipofikia umri, kijiji kilisema "amejitokeza horani", maana yake sasa aweza kuposwa. Na kila tarehe 24 Januari viwanja vya miji hujaa Hora Unirii, kukumbuka muungano wa Moldova na Wallachia (yaani Muntenia na Oltenia) wa mwaka 1859.

Panda sasa hadi Maramureș, kaskazini. Huko "hore" ni wimbo, na "a hori" ni kuimba! Béla Bartók, mtunzi wa Kihungari, alikwenda kukusanya muziki huko mwaka 1913, akakuta "hora lungă": wimbo mrefu usiofuata mapigo, sauti ikikatwakatwa kooni. Hakuna anayeweza kuuchezea. Wakitaka kucheza, huita fidla, gitaa liitwalo zongora na ngoma ya kupigwa.

Kamusi nyingi hulihusisha neno hili na "khoros" ya Kigiriki. Wagiriki nao walilitumia kwa wachezaji walioimba, kwa hiyo siwaoni watu wa Maramureș kuwa wamepotoka.