Mats Steen: Kijana aliyeacha alama kwa wachezaji wenzake wa mtandaoni

Mwezi Novemba mwaka 2014, familia moja ya mjini Oslo, Norway, ilifiwa na kijana wao Mats Steen, aliyekuwa na umri wa miaka 25. Mats alikuwa mgonjwa tangu utotoni, na miaka yake ya mwisho aliitumia kwa kiasi kikubwa mbele ya kompyuta akicheza gemu. Wazazi wake, Robert na Trude, walikuwa na uchungu wa aina mbili: kumpoteza mtoto, na kuamini kwamba mtoto huyo ameondoka duniani bila rafiki, bila mchumba na bila kumfaa mtu yeyote.

Siku chache baadaye waligundua kwamba hawakuwa wakimjua mtoto wao kama walivyodhani.

Makala haya yanaeleza jinsi Mats alivyogusa maisha ya watu wa nchi mbalimbali kupitia gemu, na yanawafundisha nini vijana wanaocheza kwa simu na wazazi wanaowatazama.

Gemu la mtandaoni ni nini?

Kuna magemu ambayo mtu hucheza peke yake, akishindana na mashine. Gemu la mtandaoni ni tofauti. Unaocheza nao ni watu halisi, kila mmoja akiwa kwake, wakiunganishwa na intaneti. Kwenye simu, mengi yanayojulikana ni ya aina hii: Free Fire, PUBG Mobile, au eFootball ukicheza na mpinzani wa mbali. Wachezaji huandikiana ujumbe au huzungumza kwa sauti mchezo ukiendelea.

Gemu alilocheza Mats linaitwa World of Warcraft. Lilitolewa mwezi Novemba 2004 na kampuni ya Marekani ya Blizzard Entertainment, na huchezwa kwenye kompyuta. Ndani yake kuna dunia kubwa ya kubuni yenye misitu, miji, bahari na wanyama wa ajabu. Kila mchezaji hujitengenezea mhusika wake, humpa jina na sura, kisha hutembea naye katika dunia hiyo. Mtu anaweza kupigana, kufanya biashara, kusafiri, au kukaa tu barazani na wengine kupiga soga. Wachezaji pia huunda vyama vyenye viongozi, kanuni na vikao.

Mats Steen alikuwa nani?

Mats alizaliwa na ugonjwa unaoitwa Duchenne. Ni ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha misuli, na huwapata zaidi watoto wa kiume. Mwili hushindwa kutengeneza protini ambayo misuli inaihitaji ili isichakae. Mtoto huanza kwa kuanguka mara kwa mara na kupata taabu ya kupanda ngazi. Miaka ikisonga hushindwa kutembea, na mwishowe misuli ya kupumua na ya moyo nayo huathirika. Hadi sasa kuna dawa za kupunguza kasi ya ugonjwa, lakini hakuna ya kuumaliza.

Mats alipokuwa mtoto wa shule ya msingi alianza kutumia kiti cha magurudumu. Wenzake walipokimbilia mpira, yeye hakuweza, na familia yake ikamruhusu acheze gemu zaidi ya watoto wengine. Alipokuwa mtu mzima alihamia nyumba ndogo iliyopakana na ya wazazi wake, akihudumiwa na wasaidizi usiku na mchana. Ilifika wakati viungo alivyoweza kuvitumia vizuri vilikuwa vidole tu, akatumia vifaa maalumu kuendesha kompyuta.

Alifanya nini ndani ya gemu?

Kwenye gemu Mats aliitwa Lord Ibelin Redmoore. Ibelin alikuwa mwanamume mrefu, mwenye nguvu na mpelelezi hodari. Alikuwa mwanachama wa chama kiitwacho Starlight, kilichokuwa na watu wapatao 30 kutoka nchi mbalimbali za Ulaya. Ibelin alikuwa na kawaida ya kukimbia ndani ya gemu, mbio ndefu, jambo ambalo mwili wa Mats haukuweza kulifanya tena.

Lakini kilichowafanya wenzake wamkumbuke hakikuwa ushujaa wa vitani. Kilikuwa muda aliowapa.

Msichana mmoja wa Uholanzi alipokonywa kompyuta na wazazi wake kwa sababu masomo yake yalikuwa yameshuka. Mats aliwaandikia wazazi hao barua, akiwaeleza kwa heshima kwamba marafiki wa binti yao ni watu wa kweli na kwamba kumtenga nao kunamuumiza. Huyo si mchezaji aliyekuwa akitafuta pointi. Alikuwa mtu anayemtetea rafiki.

Mama mmoja wa Denmark alikuwa na mtoto mwenye usonji, ambaye alikuwa vigumu kumkaribia na hakupenda kukumbatiwa. Mats alimshauri acheze na mwanawe ndani ya gemu, waonane huko kwanza. Mama akafuata ushauri. Mhusika wa mtoto akamkumbatia mhusika wa mama, na kutoka hapo uhusiano wao nyumbani nao ukaanza kufunguka.

Mats hakuwa malaika. Kwa miaka mingi hakuwaambia wenzake kwamba anaumwa, na alikwepa mazungumzo ya sauti na ya video ili wasigundue. Kuna nyakati aliwatolea maneno makali, nao wakamwambia wazi kwamba amewaumiza. Mwaka 2013 alianza kuandika blogu kuhusu maisha yake na ugonjwa wake, na baadhi ya wanachama wa Starlight wakapata kujua kwa nini wakati mwingine alikuwa akipotea au akichelewa kujibu.

Barua pepe zilipoanza kuingia

Mats alipofariki, wazazi wake waliingia kwenye blogu hiyo na kuandika taarifa ya msiba. Mwishoni waliweka anwani ya barua pepe, kwa yeyote atakayetaka kuwasiliana nao.

Walitarajia pole chache. Zikaja nyingi, moja baada ya nyingine, kutoka nchi mbalimbali, kutoka kwa watu ambao hawakuwahi kusikia majina yao. Nyingine zilikuwa ndefu za kurasa kadhaa. Watu walieleza jinsi Mats alivyowasikiliza walipokuwa na huzuni, alivyowashauri na alivyowachekesha. Wazazi walisoma wakilia, safari hii kwa sababu nyingine.

Wanachama watano wa Starlight walisafiri hadi Oslo kuhudhuria mazishi ya mtu ambaye hawakuwahi kuonana naye uso kwa uso. Wenzao walichanga ili asiyekuwa na nauli naye afike, kama tunavyochangiana kwenye misiba yetu. Kiongozi wa chama alisimama akazungumza mbele ya waombolezaji. Saa hiyohiyo, huko Uholanzi, Ireland, Sweden na kwingineko, wanachama wengine waliwasha mishumaa.

Habari hii iliandikwa na shirika la utangazaji la Norway, NRK, na mwaka 2019 BBC ikaichapisha kwa Kiingereza. Mwaka 2024 ilitoka filamu ya maisha yake, The Remarkable Life of Ibelin, iliyoongozwa na Benjamin Ree. Filamu hiyo ilitumia mazungumzo ya miaka mingi ya Starlight yaliyokuwa yamehifadhiwa, hivyo mengi anayoyasema Ibelin ndani yake ni maneno ambayo Mats mwenyewe aliyaandika.

Si Mats peke yake

Mwaka 2012 kulitokea tukio jingine linalofanana na hili. Sean Smith alikuwa mtumishi wa wizara ya mambo ya nje ya Marekani. Kwenye gemu la vita vya angani liitwalo EVE Online alijulikana kama Vile Rat. Umaarufu wake huko haukutokana na kupiga risasi. Alikuwa mpatanishi: alizungumza na makundi hasimu, alipanga mikataba na kuzuia vita. Tarehe 11 Septemba 2012 aliuawa katika shambulio la Benghazi, Libya, pamoja na balozi Christopher Stevens. Wachezaji walibadilisha majina ya vituo vingi ndani ya gemu ili kumkumbuka, hata wale waliokuwa maadui zake mchezoni.

Kwa nini alama kama hii hubaki?

Ukiangalia visa hivi viwili, utaona mambo yanayofanana.

Kwanza, watu hawa walikuwepo. Walirudi siku baada ya siku, wakajulikana. Urafiki wa mtandaoni hujengwa kwa mazoea, sawa na ule wa kijiweni.

Pili, waligundua hali ya mwenzao. Kumuuliza mtu "mbona jana hukuonekana?" huchukua sekunde chache, lakini anayeulizwa huweza kulikumbuka swali hilo kwa miaka.

Tatu, walitumia maneno zaidi ya silaha. Ushindi wa leo husahaulika kesho ukianza mchezo mwingine. Mchezaji mgeni aliyeelekezwa bila kutukanwa hasahau. Na aliyetukanwa vilevile hasahau. Alama mbaya nayo ni alama, na anayeipokea ni mtu mwenye moyo, si picha kwenye kioo cha simu.

Upande wa pili

Kisa cha Mats kisichukuliwe kama ruhusa ya kucheza usiku kucha. Shirika la Afya Duniani, WHO, limeutambua uraibu wa magemu kama tatizo la kiafya, katika orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022. Dalili zake ni kushindwa kujizuia, kuweka gemu mbele ya kila kitu, na kuendelea hata pale masomo, kazi au familia vinapoharibika. Kwa kawaida hali hiyo huangaliwa kwa muda wa miezi 12 kabla ya kuitwa ugonjwa. Mats alikuwa na mwili uliomfungia milango mingine. Kijana mwenye afya ana milango mingi zaidi.

Pia si kila anayejiita rafiki mtandaoni ni rafiki. Usimpe mtu wa kwenye gemu namba yako ya siri ya simu wala ya akaunti ya pesa. Usimtumie picha ambayo usingependa mzazi wako aione. Mtu mzima akimwambia mtoto "usimwambie mama kwamba tunaongea", hiyo ni ishara ya hatari, na mtoto aseme nyumbani mara moja.

Kwa mzazi na kwa kijana

Mzazi, ukimkuta mtoto ameinamia simu anacheza, kabla ya kumfokea muulize: "Unacheza na nani? Wanaishi wapi? Huwa mnaongea nini?" Kaa naye robo saa akuonyeshe. Utajua kama ni rafiki mwema au wa kutiliwa shaka, na utakuwa umepata kitu ambacho wazazi wa Mats walikipata wakiwa wamechelewa. Robert Steen amesema kwamba anajuta kutokuuliza zaidi mwanawe alipokuwa hai.

Kijana, kama una marafiki wa kweli mtandaoni, mtajie hata mtu mmoja wa nyumbani majina yao na namna ya kuwapata. Simu huharibika, bando huisha, na watu huugua. Familia ya Mats iliweza kutoa taarifa kwa sababu tu aliacha blogu. Bila hiyo, marafiki zake wangebaki wakijiuliza Ibelin amepotelea wapi, na wazazi wake wangeishi hadi leo wakiamini kwamba mtoto wao hakuwa na mtu.

Wanachama wa Starlight wameendelea kumkumbuka Mats kila mwaka ndani ya gemu lenyewe. Huwa wanakusanyika na kukimbia pamoja, kwa njia alizokuwa akipita Ibelin.