Paji la uso na mkono unaolipaka

Jumatano ya Majivu, mjini Meru au Embu, hakuna anayeshtuka kumwona karani akihesabu noti huku msalaba wa majivu umekolea kwenye paji la uso wake. Akipita Mhindu mwenye tilaka, alama ya dini kwenye paji la uso, watu hugeuza shingo. Sioni sababu: majivu ya kanisani yametokana na matawi ya Jumapili ya Matawi, na wafuasi wa Shiva nao hujipaka majivu, mistari mitatu ya kulala.

Wanaomfuata Vishnu husimamisha mistari yao. Kwa Wagujarati wa dhehebu la Swaminarayan, ambao Kenya inao wengi, mwanamume huchora umbo la U kwa msandali na kuweka katikati nukta nyekundu ya kumkum, yaani manjano yaliyochanganywa na chokaa mpaka yakabadilika rangi. Anayezijua alama hizi hutambua dhehebu la mtu kabla ya salamu. Ile nukta ya wanawake tunapenda kuiita pete ya ndoa, lakini wasichana nao huivaa, siku hizi hata ya kubandika. Ndoa hasa hutangazwa na sindoor, unga mwekundu kwenye njia ya nywele.

Jamii za Mlima Kenya zina ira, udongo mweupe wa baraka na utakaso. Jomo Kenyatta, akiandika mwaka 1938 juu ya Wakikuyu, jirani za Waembu, anaeleza jinsi wakubwa wa mila walivyowapaka ira usoni vijana wa tohara. Kijana hakujipaka. Alipakwa, akavuka, basi; kesho yake hakuhitaji tena. Mhindu mcha Mungu hujipaka mwenyewe kila asubuhi akishaoga, kama anayeweka upya ahadi yake. Msalaba wa majivu uko karibu zaidi na ira, kwa kuwa nao hutoka mkononi mwa mwingine. Hata hivyo, tusikaze sana mpaka huo: mgeni kwenye harusi ya Kihindu hupakwa tilaka na wenyeji, pengine na punje za mchele juu yake.

Kinachonivuta zaidi ni mkono wenyewe. Huko Imenti, Meru, Mugwe, kiongozi wa kiroho, alikuwa na baraka katika mkono wake wa kushoto. Aliuficha ndani ya vazi, na iliaminika kwamba atakayeuona atakufa. Bernardo Bernardi, padri wa Consolata, aliandika habari za Mugwe katika kitabu cha mwaka 1959, na mwaka uliofuata mwanaanthropolojia Rodney Needham akauandikia mkono huo makala nzima. Kwa Mhindu jambo hilo ni kinyume kabisa: kushoto ni upande wa najisi, na tilaka hupakwa kwa mkono wa kulia, mara nyingi kwa kidole cha pete. Padri naye hutumia gumba la kulia, na sijasikia muumini wa Imenti akiuliza kwa nini.