Muziki wa kale, maana mpya: Funzo kutoka santuri ya Kubrick

Kuna swali ambalo wanafunzi wangu huniuliza karibu kila muhula: mtu akichukua kazi ya mwenzake akaitia mahali pengine, amebuni au ameiba? Juma hili nitalijibu kwa kupitia santuri moja ya muziki wa filamu iliyotoka mwaka wa 1968.

Filamu yenyewe ni 2001: A Space Odyssey ya mwelekezi Stanley Kubrick. Inahusu safari za angani katika karne ambayo ilikuwa haijafika, ilhali muziki wake ulikuwa umetungwa zamani kwa shughuli nyingine kabisa. Tarumbeta zinazoifungua ni za Richard Strauss, aliyefasiri kitabu cha mwanafalsafa Nietzsche kwa ala mwaka wa 1896. Chombo kinapoelea angani tunasikia The Blue Danube ya Johann Strauss, muziki wa dansi ulioimbwa mara ya kwanza na kwaya ya wanaume jijini Vienna mwaka wa 1867. Penye fumbo na hofu, huvuma sauti za György Ligeti, mtunzi aliyeikimbia Hungary mwaka wa 1956.

Kumbe mambo hayakupangwa hivyo! Aliyepewa kazi ya kutunga muziki mpya ni Alex North, ambaye tayari alikuwa amemtungia Kubrick muziki wa Spartacus (1960). Zile rekodi za kale zilikuwa kishikizo tu wakati wa kuhariri picha. North akajifunga kibwebwe, akatunga na kurekodi muziki wa nusu ya kwanza ya filamu. Kisha akaenda New York kuitazama ikizinduliwa. Akasubiri kusikia kazi yake, lakini wapi! Hata noti moja haikuwamo, na hakuna aliyekuwa amemwambia.

Katika fasihi jambo hili tunaliita mwingilianomatini: kila matini hujengwa juu ya matini nyingine. Hebu fikiria ule muziki wa Vienna. Ulikuwa wa mabwana na mabibi kuzunguka ukumbini. Kubrick hakuugusa, ila aliuweka chini ya picha ya chombo kinachozunguka polepole gizani, na sasa wengi wetu tukiusikia tunawaza anga. Muktadha umeupa maana mpya. Maneno nayo huwa hivyo hivyo. Neno letu ‘safari’ likitamkwa na Mwingereza huleta simba na watalii, wakati kwetu hata kwenda Nakuru kumwona shangazi ni safari. Mombasa nako, waimbaji wa taarabu kama Juma Bhalo walichukua lahani za filamu za Kihindi wakazitia mashairi ya Kiswahili, nazo zikawa nyimbo za harusi zetu.

Basi, hakuna deni? Lipo. Ligeti ana kazi nyingine, Aventures, iliyotumika katika filamu hiyo baada ya kubadilishwa kwa mitambo, na haikutajwa katika orodha ya muziki. Tena, rekodi ya Richard Strauss inayosikika katika filamu iliongozwa na Herbert von Karajan, ila kampuni iliyoimiliki haikutaka jina lake lihusishwe nayo. Santuri ilipotoka, ikatiwa rekodi nyingine iliyoongozwa na Karl Böhm. Mnunuzi akaenda nayo nyumbani akidhani ni ileile aliyoisikia sinemani.

Jibu langu kwa wanafunzi ni hili: kuhamisha kazi kunaweza kuwa ubunifu mkubwa, lakini hakufuti jina la aliyeitunga. Kukopa arusi, kulipa matanga, na katika taaluma malipo ya kwanza ni kutaja ulikokopa. Anayenakili aya tatu za tasnifu ya mwenzake bila kumtaja hawezi kujitetea kwamba sura yake ina muktadha mpya.

North naye alifariki mwaka wa 1991. Miaka miwili baadaye muziki wake uliokataliwa ulitolewa, mtunzi mwenzake Jerry Goldsmith akiongoza orkestra. Ukiusikiliza, huenda ukakubali kwamba Kubrick alichagua vyema. Hata hivyo, kuchagua vyema hakukumzuia kumpigia North simu kabla ya siku ile ya New York.