Salamu za Krismasi Zilivyogawana Njia

Tarehe 22 Desemba 1534, Askofu John Fisher alimwandikia barua Thomas Cromwell, waziri wa mfalme, kutoka Mnara wa London. Alikuwa amefungwa kwa kukataa kula kiapo cha urithi wa kiti cha enzi alichodai Mfalme Henry VIII. Nguo zilikuwa zimemchakalia mwilini hadi aibu, baridi imemkamata, naye akaomba mavazi, chakula, vitabu vya sala na padri wa kumuungamisha. Hata hivyo, akamtakia Cromwell "merry Christmas". Miezi sita baadaye alikatwa kichwa. Barua hiyo ni kati ya ushahidi wa kale kabisa wa salamu ambayo leo imeenea duniani kote.

Enzi za Fisher, "merry" ilibeba zaidi maana ya kupendeza na furaha. Karne zilipopita, ikaanza kunuka pombe. Mwaka 1843 Charles Dickens alichapisha hadithi yake maarufu ya Krismasi, na mwaka huohuo Henry Cole akatoa kadi ya kwanza ya Krismasi ya kuuzwa, yenye salamu hiyo. Mchoro wake ulionyesha familia ikiinua glasi za mvinyo, mtoto naye akinyweshwa, na wapinga ulevi wakakasirika. Waingereza wengi wakaona "Happy Christmas" ina staha zaidi. Mfalme George V aliitumia katika hotuba yake ya redio mwaka 1932, mjukuu wake Elizabeth II akaishikilia, na Waairandi wanaipenda mpaka leo.

Uskoti ni habari nyingine. Kanisa la huko liliipiga vita Krismasi kwa muda mrefu, hata ikawa sikukuu ya mapumziko mwaka 1958 tu. Waskoti wakaupa mkesha wa Mwaka Mpya mapenzi yao yote. Usiku huo hutakiana bomba la moshi la nyumba lifuke siku nyingi, yaani moto na chakula visikatike.

Massachusetts nayo, katika Marekani ya leo, mwaka 1659 iliwatoza faini ya shilingi 5 walioadhimisha Krismasi. Sheria ikafutwa mwaka 1681. Baadaye "merry" ikashinda nchini Marekani. Kusini mwa nchi hiyo, anayewahi kupaza sauti "Christmas gift!" ndiye anayestahili zawadi. Watumwa waliwawahi mabwana zao kwa maneno hayo asubuhi ya Krismasi, siku adimu ambayo waliweza kudai kitu bila kuchapwa.

Wanaolalamika kwamba salamu nyingine ya Marekani, "Happy Holidays" (sikukuu njema), inaifuta Krismasi siwaungi mkono. Irving Berlin, Myahudi aliyeeneza salamu hiyo kwa wimbo wake wa mwaka 1942, ndiye pia mtunzi wa "White Christmas". Nchi yenye Wakristo, Wayahudi na wengineo ilihitaji salamu isiyomwacha jirani mlangoni.

Mwaka 1966 Maulana Karenga aliasisi Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani Weusi, na Kiswahili kikaingia katika msimu huohuo. Wanaoiadhimisha, ambao wengi wao mababu zao walitolewa Afrika Magharibi, mbali na nchi za Kiswahili, huulizana "Habari gani?" kuanzia tarehe 26 Desemba. Siku ya kwanza hujibiwa "Umoja", ya pili "Kujichagulia", na kuendelea hadi "Imani", tarehe 1 Januari.