Mkeka wa Kudansi Haujafa, Una Historia Tu

Wasee, kabla utupe ule mkeka wa gemu ya kudansi ati umekufa, skiza hii.

Bandai walitoa mkeka wa mazoezi wa Famicom huko Japani mwaka wa 1986. Mwaka wa 1998 Konami wakaleta Dance Dance Revolution kwa mashine za sarafu, na 1999 ikaingia nyumbani kupitia PlayStation. Hapo ndipo shida ilizaliwa. Mkeka ulichukua nafasi ya pedi ya mkono, na kwa pedi ya mkono hakuna mtu hufinya kushoto na kulia pamoja. Kwa kudansi, unaruka unakanyaga zote mbili.

Ndio maana ukiuchomeka kwa kompyuta na adapta, mishale hiyo inafutana: adapta nyingi huisoma kama usukani. Tafuta inayoisoma kama vitufe.

Lakini mshale ukijifinya wenyewe, hiyo ni sponji ya ndani imelala, plastiki mbili za kupitisha umeme zinagusana. Siku nyingine uviringishe, usiukunje.

Kwangu mimi, kifaa kikisumbua, uliza kwanza kilitengenezewa mashine gani.