Kwa Nini Mafundi Ujenzi Huhatarisha Maisha Yao Kazini

Musoma, Bunda na Butiama ni miongoni mwa maeneo ya Mkoa wa Mara ambako ujenzi wa shule, vituo vya afya, barabara na miundombinu ya maji huwapatia wananchi ajira. Katika kazi za aina hiyo, si jambo geni kumkuta fundi juu ya jukwaa la miti bila mkanda wa usalama, au saidia fundi akichanganya zege akiwa amevaa kandambili. Wengi wao wanaifahamu hatari hiyo, lakini huikubali kwa sababu kadhaa.

Sababu ya kwanza ni malipo. Vibarua wengi hulipwa kwa siku, na mafundi hulipwa kwa kipande cha kazi kilichokamilika. Muda wa kuimarisha jukwaa, au kuweka nguzo za kuzuia udongo usiporomoke kwenye mtaro wa bomba, hauwaingizii ujira. Aidha, anayekataa kupanda anajua kuwa wapo wengine wanaoisubiri nafasi yake.

Sababu ya pili ni makubaliano ya mdomo. Mkandarasi humpa kazi fundi mkuu, naye huwatafuta vibarua. Katika mnyororo huo, kila mmoja hudhani kuwa kofia ngumu, viatu na glavu vitanunuliwa na mwingine. Hali hiyo huweza pia kujitokeza katika miradi ya force akaunti na ile inayojengwa kwa nguvu za wananchi, iwapo makadirio yatahesabu saruji, nondo na mabati bila kutenga fedha za vifaa kinga.

Sababu ya tatu ni mazoea. Fundi aliyefanya kazi miaka mingi bila kuumia huona tahadhari kuwa woga, na vijana humwiga. Msemo kwamba ajali haina kinga huwafariji wengi, ilhali kuanguka kutoka juu, kuangukiwa na tofali na kufukiwa na udongo ni ajali zenye kinga inayojulikana.

Madhara ya uzembe katika ujenzi hayaishii kwa fundi. Machi 29, 2013, jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya Jiji la Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, yaani Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, inamtaka mwajiri kusajili eneo la kazi, kutathmini hatari zilizopo na kuwapatia wafanyakazi vifaa kinga. Mfanyakazi naye ana wajibu wa kuvitumia na kutoa taarifa ya hatari anayoiona.

Kwa upande wa fidia, mwajiri wa Tanzania Bara anatakiwa kujisajili na kuchangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, unaogharimia matibabu, ulemavu na mafao ya wategemezi. Hata hivyo, kibarua asiye na mkataba wala kumbukumbu za mahudhurio hupata ugumu kuthibitisha nani alikuwa mwajiri wake.

Kwa hiyo, kabla ya kuanza kazi, fundi anashauriwa kudai makubaliano ya maandishi na vifaa kinga. Kamati za ujenzi nazo zinapaswa kuingiza gharama za usalama katika makadirio ya awali, kwa kuwa bei ya kofia na mkanda ni ndogo kuliko gharama ya familia kumpoteza mtafutaji wake.